Kicheko Sebuleni kwa Fundi Viatu

Posta, Jumatatu, 4 Machi

Mbishi wangu,

Barua yako imefika na meli ya Jumatano, nikaisoma nikiwa dirishani kwangu huku mteja ananisubiri nimgongee mhuri. Akaniambia, "Mama Posta, mwenzetu unacheka na karatasi?" Nikamwambia hii ni karatasi ya mdogo wangu, yule anayegombana na serikali gazetini, na wiki hii anagombana na mwenye nyumba wake. Usijali, habari za choo sikuzitaja.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Simu iko hapa hapa posta, na kibanda chake hakina mlango tangu upepo uung'oe. Nikikwambia nimepiga chafya, foleni nzima itanipa pole.

Habari kubwa ya mtaa ni tamthilia. Kila Ijumaa jioni wanaonyesha ile ya kisiwa kilichotekwa wakati wa vita. Wanasema kisiwa chenyewe ni cha kubuni, lakini gati ni lile lile na buti ni zile zile. Sote tunakwenda kwa fundi viatu kwa sababu ndiye mwenye televisheni kubwa. Siku ya kwanza kila mtu alikwenda na kiti chake, na viti havikurudi. Vimebaki sebuleni kwake, kila kimoja mahali pake, na fundi anapita katikati yake kwa ubavu kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kiti cha mamdogo kiko mbele kabisa, karibu na cha fundi.

Macho ya mamdogo yamezidi kuharibika. Anaona mwanga na vivuli, basi. Lakini Ijumaa haimpiti. "Mimi natazama kwa masikio," anasema. Asubuhi wanawake wa mtaani wanakuja kumchukua, wanamkalisha kibarazani kwa fundi, wanamsuka, wanamlisha umbeya mpaka anashiba. Nilimwuliza kama angependa tuhamie kwako, karibu na hospitali ya macho. Akaniambia, "Huko nitamsikia nani? Hapa namjua kila mtu kwa mburuzo wa ndala zake. Niacheni nifie kwenye sauti ninazozijua." Kwa hiyo usiniulize tena. Hataki kingine duniani, nami sina kingine cha kumpa.

Fundi haongei wakati wa tamthilia. Unakumbuka vita vilipotufikia askari wavamizi, wale Mabuti, walimpandisha kaka yake kwenye ile nyumba ya kilimani, na hakushuka.

Je, huko nawe unaitazama?

Dada yako

*

Jumatano, 13 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Naitazama! Naitazama kwa hasira, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine kalamu. Nani aliwaambia hawa watu kwamba njaa inapendeza? Wanawake wa kisiwa kile hawajala tangu sehemu ya kwanza na bado wana mashavu. Nguo zao zimechanika kwa mpangilio, kila tobo limekaa mahali pake kama limepimwa kwa futi. Na kamanda wa wavamizi! Anapiga kinanda, anatazama dirishani, anahuzunika. Masikini wa Mungu, amechoka kututawala.

Lakini anayenichoma hasa ni yule mpishi. Msichana wa kisiwani anawapikia maafisa, na kamera inamfuata kama bibi harusi. Tunaombwa tumwonee huruma, eti hakuwa na njia. Njia ipo siku zote, dada. Marehemu mama yetu aliiona. Alisimama uwanjani mimi nikiwa mgongoni, afisa akamnyooshea mkate mbele ya watu, naye akasema, "Sitaki." Mpaka leo uchochoro wetu unaitwa Uchochoro wa Mama Sitaki. Alitafuna mizizi akaninyonyesha, na kila ninachoandika nakiandika kwa maziwa yale. Wamenifukuza kazi, wamenifikisha mahakamani, na kila mara najiambia: mwanamke mwenye njaa alisema sitaki, wewe uliyeshiba utasema nini?

Jambo moja tu nawapongeza: hawakutafsiri maneno ya askari. Wanabwata kwa lugha yao na chini hakuna maandishi. Vizuri! Adui asieleweke. Ukishamwelewa, umeshaanza kumvutia kiti.

Nataka kuiandikia mfululizo wa makala. Nipe ya mtaani. Wazee wanasema nini? Mamdogo je, ingawa yeye vita vilimkuta shambani, upande wa pili wa kisiwa? Nipe watu wenye damu. Huku nimezungukwa na wasomi.

Mdogo wako,
Mbishi

*

Ijumaa, 22 Machi

Mbishi,

Umeomba ya mtaani. Nakupa moja, nayo imenikaa kifuani tangu Ijumaa iliyopita.

Walikuwa wanaonyesha jikoni kwa maafisa. Askari wawili wanamenya viazi, wanaongea kwao. Sehemu kama hizo watu wetu huzitumia kukohoa na kusogeza viti, kwa kuwa hakuna anayeelewa. Mmoja akamwambia mwenzake jambo refu, uso mkavu kabisa. Hapo hapo bibi mmoja akacheka. Hakucheka kwa adabu. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeshtukizwa, mpaka akajipiga paja. Na yule askari wa pili, kwenye televisheni, akaanza kucheka baada yake.

Umenielewa? Bibi alimtangulia.

Redio, yule jirani yetu ambaye hajawahi kumeza neno, akauliza, "Bibi, umecheka nini?"

"Eti... sura yake tu."

Redio akamjibu jambo, watu wakaangalia sakafu. Fundi hakugeuka. Alinyoosha mkono akazima televisheni katikati ya tamthilia. "Umeme unasumbua," akasema. Taa ya darini ilikuwa inawaka vizuri sana. Tukatoka mmoja mmoja.

Mpaka sasa hakuna aliyesema kitu hadharani. Watu wanamsalimia bado yule bibi, lakini salamu zimekuwa za kupima, kama mtu anayeingiza kidole kwenye maji kujua yamechemka. Nadhani wakiachwa watasahau. Nadhani wanataka kusahau, kwa sababu wanampenda.

Sasa wewe uliyesoma vitabu vyote hivyo, niambie. Mtu kama huyo, mzee, ungekuwa unamfahamu, ungemwambia nini? Nijibu taratibu. Nalihitaji jibu lenyewe.

Mamdogo hajambo, ana mafua kidogo. Leo hataenda kwa fundi, nami nimebaki naye.

Dada

*

Jumatatu, 1 Aprili

Dada yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Hujui ulichonipa. Niliisoma barua yako nimesimama ngazini, nikaipanda ngazi tena kabla sijamaliza, nikakaa mezani na koti mwilini. Umeniuliza ningemwambia nini. Nimemwambia. Nimemwambia mbele ya nchi nzima, na gazeti litakuwa kwenye meli hiyo hiyo iliyobeba barua hii.

Nakunukulia kipande, maana najua utaanza kwa kufungua yangu:

"Mabuti waliondoka, bendera yao ikashushwa, lakini waliacha kitu kisichoweza kupakiwa melini: kicheko. Kiko sebuleni kwa jirani yako. Kimezeeka, kinasukwa nywele, kinasalimiwa kila asubuhi. Wakati watu wanasukumwa kupanda kilima, kuna aliyekuwa amekaa karibu na sahani za wauaji kiasi cha kuzijua simulizi zao. Bibi, sikuulizi ulikula nini. Nakuuliza ulisikia nini. Hakuna anayejifunza mzaha wa adui bila kuyasikia na yale yasiyo mzaha. Waliozaa waliopotea wanakufa wakisubiri jibu, nawe jibu unalo, na unacheka."

Mhariri hakugusa hata nukta. Simu hazijakatika ofisini. Kuna mwalimu amepiga akilia.

Sikutaja mtaa wala kisiwa, sina haja ya kumfedhehesha mtu mmoja. Nawasema wote wa aina yake. Msomee mamdogo, atafurahi. Mwambie mwana wa dada yake hajaisahau njaa ya dada yake.

Mbishi

*

Jumatatu, 15 Aprili

Mbishi,

Magazeti yalikuja Jumatano. Nilikuwa nimeshafungua barua yako. Nikalichukua furushi zima la magazeti nikaliweka chini ya mizani, nikauketisha mfuko wa vifurushi juu yake. Tangu niajiriwe sijawahi kuzuia hata kadi ya salamu. Watu walipouliza nikasema halijaletwa. Siku ya pili mkuu wa posta akaja kupima mzigo, akaliona. Akanitazama, akaona sitoi maelezo, akalifungua yeye mwenyewe, akaanza kugawa.

Kufika jioni Redio alikuwa analisoma kwa sauti kibarazani kwa fundi. Anasoma vizuri, hilo tumpe.

Yule bibi ni mamdogo.

Soma tena barua yangu. Sikukuandikia jibu la Redio. Alisema, "Sura? Tangu lini wewe unaona sura?" Nililiacha nje kwa makusudi ili usimtambue. Nilitaka jibu la mdogo wangu, nikapata makala. Kosa ni langu pia, lakini leo sina nafasi ya kuligawa.

Hakuwa shambani. Ameniambia wiki ile ya mafua, ambayo hayakuwa mafua. Alikuwa nyumba ya kilimani, jikoni, tangu Mabuti walipofika mpaka walipoondoka. Walimchukua kwa sababu alijua kupika, na hakurudishwa nyumbani hata siku moja. Mama ndiye aliyewaambia watu kwamba mdogo wake yuko shambani. Kila jioni mama alikuwa akipanda na ndoo kuomba majivu ya kusugulia sufuria. Watu walimwona na ndoo yake ya majivu wakasema, tazama masikini huyu. Chini ya majivu kulikuwa na chakula. Mamdogo alikifunga kwa kitambaa akakifukia mwenyewe.

Mama hakutafuna mizizi. Mizizi ilikuwa inapikwa mchana, mlango wazi, ili moshi uonekane. Nilikuwa mtoto wa kukimbia-kimbia na nakumbuka mkate mweupe wenye chembe za jivu. Niliwahi kumsimulia mama nikiwa mkubwa, akaniambia niliota.

Mamdogo hamlaumu. "Dada alisema sitaki kwelikweli," ameniambia. "Bunduki ilikuwepo, mtoto alikuwepo, akasema. Mimi nisingeweza. Halafu jioni ana mtoto wa kunyonyesha, ulitaka afanyeje?" Mtoto mwenyewe ni wewe. Maziwa unayoandikia yalitoka jikoni kwao.

Mzaha wenyewe, kama unataka kujua nchi nzima imekasirikia nini, ni huu. Askari anamwambia mwenzake: nimemwandikia mke wangu kwamba tumeteka kisiwa kizima, naye amenijibu, je, vitunguu vipo? Mamdogo aliusikia jikoni miaka ile kutoka kwa askari mmoja aliyekuwa akimsaidia kumenya. Hakutegemea kukutana nao tena. Kicheko kilimtoka tu.

Aliniomba nimsomee makala yako. Nikataka kuruka mistari, akaniambia, "Usiruke, nakusikia unapumua mahali pasipo pake." Nilipomaliza akasema, "Anaandika vizuri. Ana hasira ya mama yake." Akaongeza, "Hasira hiyo niliilisha mimi."

Jumamosi asubuhi hakuna aliyekuja kumchukua. Akakaa mlangoni amejitanda khanga, anasikiliza ndala zinavyopita. Alikuwa anazitaja kwa majina, kimya kimya, na kila moja ikifika kwetu ilikuwa inaongeza mwendo. Halafu akasema, "Huyu ni fundi. Amebeba kitu."

Alikuwa amebeba kiti cha mamdogo. Alikuwa amekifuta, ameongeza na msumari kwenye mguu uliokuwa unacheza. Akakiweka kizingitini kwa heshima zote. Akauliza jambo moja, lile lile uliloliuliza wewe, karibu kwa maneno yako. "Mama, wewe ulikuwa unawaelewa. Uliwasikia wakimtaja kaka yangu?"

Mamdogo akasema, "Nilikuwa jikoni."

Fundi akangoja. Halafu akaniaga mimi peke yangu, akaondoka.

Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza. Usiandike neno jingine kuhusu hili, hata liwe zuri namna gani. Mtaa haujasema hadharani kwamba ni yeye. Bado kuna upenyo mdogo. Mbishi, kwa mara ya kwanza maishani mwako, usijibu.

Dada

*

Jumatano, 24 Aprili

Dada,

Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Nimetoka, nimetembea mpaka mwisho wa barabara, nimerudi. Mkate ulikuwa mezani, nikashindwa kuutazama.

Kwanza sikukuamini. Niseme ukweli. Nilitafuta kosa katika barua yako kama ninavyotafuta kosa katika hotuba ya waziri. Kisha nikafika kwenye chembe za jivu, nikakaa chini.

Umeniambia ninyamaze. Nimejaribu, dada. Lakini nikinyamaza, makala ile inabaki ndiyo neno la mwisho juu yake. Watu wataikata waitunze. Wanazikata zangu, unajua. Nimemtukana mwanamke aliyenilisha, halafu nimezee? Huo ndio ungekuwa woga wenyewe ninaowasema wengine.

Nimeandika yote. Jina lake kamili na jina la mama, nyumba ya kilimani, ndoo, majivu, vitunguu. Nimeandika kwamba Mama Sitaki alikula, na kwamba alikuwa na haki ya kula, na kwamba mashujaa wa kisiwa chetu ni wawili, mmoja wa kukataa na mmoja wa kubeba. Nimejitukana mwenyewe kuliko nilivyowahi kumtukana mtu. Ni makala bora niliyoandika maishani, na nasema hivyo nikiwa na aibu. Mhariri alilia. Imetoka leo asubuhi.

Watu wakijua ukweli wote, wataelewa. Lazima waelewe, vinginevyo mimi nimekuwa nikifanya kazi gani miaka yote hii?

Nakuja na meli inayofuata. Nitakwenda kwa fundi mwenyewe, nitakaa kibarazani kwake mpaka aniambie niondoke.

Mwambie mamdogo... Sijui. Mwambie nakuja.

Mbishi

*

Posta, Jumatatu, 6 Mei

Mbishi,

Usije.

Makala yako imefika. Safari hii sikuificha. Niliigawa mwenyewe dirishani, mkono kwa mkono, kila mtu akanishukuru kama kawaida.

Kweli, ni nzuri. Hata Redio alishindwa kuimaliza kwa sauti. Lakini ulichofanya ni hiki: kabla yake walikuwa wanashuku, na mwenye kushuku anaweza kuamka siku moja amechoka kushuku. Sasa wanajua. Kuna mzee amesema dada wawili waliucheza mtaa kama karata, mmoja akisifiwa uwanjani na mwingine akishiba kilimani, na watoto wao wakasomeshwa kwa jina la Mama Sitaki. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni ya mafuta ya taa. Alijua nipo.

Alhamisi wamepaka chokaa kibao cha uchochoro. Hawakuandika jina jingine. Mtu wa barua za mlango kwa mlango ameniuliza aandikeje anwani zetu, nikashindwa kumjibu, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Nilimsomea mamdogo. Sikuruka. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, mpaka nilipofika kwenye jina la mama. Hapo akanishika mkono. "Amemtaja na dada?"

"Amemtaja."

"Na ndoo?"

"Na ndoo, mamdogo."

Mbishi, sijawahi kumwona analia, na hakulia. Alisema, "Nilijificha maisha yangu yote ili mmoja wetu abaki na jina. Nilikuwa nikisikia watoto wanaitana, tukutane Mama Sitaki, nasema basi, hatukupotea wote." Halafu akasema, "Mwambie ameandika vizuri." Tangu siku hiyo haongei mpaka aulizwe.

Ijumaa ilikuwa sehemu ya mwisho. Hatukuwa na pa kwenda kutazama. Nikafungua dirisha, nikaweka viti vyetu viwili pale, kile chake kikiwa na msumari wa fundi. Televisheni zote za uchochoro zilikuwa zimefunguliwa na sauti ilikuwa ikitoka kila mlango, tukawa tunaisikia kama tumo ndani yake. Meli ikapiga honi. Watu wakashangilia. Lilisikika zogo kubwa, mwanamke akipiga kelele, nadhani walikuwa wamemkamata yule mpishi. Kutoka kwa fundi hakukutoka sauti ya mtu hata mmoja.

Mwishoni, katikati ya buti zinazopanda ngazi za meli, askari mmoja akasema maneno kwa lugha yao. Hayakuwa mengi, na aliyasema polepole. Mtaa mzima ukanyamaza. Nakuapia, Mbishi, walikuwa wametulia kumsikiliza mamdogo. Dirisha la fundi lilikuwa wazi, nikakiona kivuli chake kimesimama, hakitikisiki. Laiti mamdogo angesema pale, kwa sauti, chochote! Nadhani hata kama angesema alipozikwa yule kaka, wangemsikiliza mpaka mwisho. Wangemchukia baadaye, lakini wangesikiliza.

Uso wake ulibadilika. Aliyaelewa. Niliona midomo ikiyafuata.

Nikamwinamia. "Mamdogo, amesema nini?"

Akapapasa mpaka akapata ukingo wa dirisha, akalivuta likafungika.

"Nilikuwa jikoni," akasema.

Ndiyo sababu nakwambia usije. Wewe ni mtu wa gazeti. Ukipita watakusalimia, tena kwa kukuchangamkia, naye atakuwa mlangoni anazisikia salamu zako zikipita. Kaa huko. Na barua hii usiijibu. Barua yako nitaijua kwa mwandiko kabla sijaipanga, na sijui nitaiweka wapi.

Dada